Bamba la msingi si sakafu ya ghorofa

Wazazi wengi wanaonunua matofali ya plastiki ya kuchezea pale Mwanjelwa, Mbeya, huamini kwamba lile bamba pana la chini ni tofali jembamba tu, kwa hiyo linaweza kuwa sakafu ya ghorofa ya pili au hata paa. Haliwezi.

Ligeuze uone. Bamba hilo la chini, yaani bamba la msingi, la kampuni ya LEGO lina vinundu (vile vitufe vya kushikia tofali la juu yake) upande wa juu pekee. Chini halina mirija wala kuta za kubana vinundu vya tofali jingine. Ukiliweka juu ya ukuta, litakaa tu kama sinia kichwani, na mtoto akigusa meza linateleza. Mtoto hana kosa hapo, wala matofali si mabovu.

Kwa ghorofa tumia bamba la kawaida, lenye mirija chini. Unene wake ni milimita 3.2, na matatu yakipangwa hufikia kimo cha tofali moja. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8, kwa hiyo bamba la msingi la vinundu 32 kwa 32 lina upana wa sentimita 25.6 hivi, na mabamba manne ya kawaida ya 16 kwa 16 hulifunika lote. Yafunge kwa matofali yanayovuka maungio, la sivyo yataachana. Mabamba mawili ya msingi nayo huunganishwa hivyohivyo, kwa juu.

Wapo watengenezaji wengine wanaouza mabamba mapana yanayoshika pande zote mbili. Kagua upande wa chini kabla ya kulipa.