Kugongwa kwa nyuma: maana yake, na fidia ya aliyeumia

Kugongwa kwa nyuma ni ajali ambayo gari linaligonga lile lililo mbele yake, liwe linatembea au limesimama. Dar es Salaam tumeizoea. Foleni ya Barabara ya Morogoro inasogea kidogo baada ya Ubungo, inasimama tena, unasikia kishindo. Madereva wanashuka, wanakagua bampa, anatokea wa kusema "tuyamalize hapahapa", noti zinabadilishana mikono na kila mtu anashika njia yake. Hapo bampa limelipiwa. Mwili haujahesabiwa, na ndiyo maana naandika.

Chanzo kikubwa ni kutoacha nafasi. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja tu kuona taa za breki za mwenzake na kupeleka mguu, zile mita 14 zimekwisha kabla breki haijaanza kushika. Ni kweli, ukiacha nafasi hiyo bajaji itachomekea mbele yako. Inaudhi, lakini dawa yake ni kupunguza mwendo tena. Ongeza hapo simu mkononi, matairi yaliyoisha na mvua ya kwanza inayokuta lami ina vumbi na oili. Daladala nazo hufunga breki ghafla kwa sababu abiria amepunga mkono. Usiku Barabara ya Mandela ina hatari yake: lori limeharibika, halina taa wala pembetatu, ila matawi machache yametupwa nyuma yake.

Kwa kawaida lawama humwangukia dereva wa nyuma, maana alipaswa kuweza kusimama. Lakini si kila mara. Wa mbele akiwa taa zake za breki haziwaki, au amerudi nyuma bila kuangalia, au amekatiza ghafla, mahakama inaweza kuwagawia wote wawili kosa, na fidia ikapungua kwa kiwango cha uzembe wa anayedai.

Sasa mwili. Kiti kinaposukumwa mbele kwa kishindo, kiwiliwili kinakwenda nacho, kichwa kinachelewa nyuma, kisha kinarushwa mbele. Misuli na kano za shingo zinavutika. Pale barabarani mtu yuko sawa, anaongea na hata kugombana. Kesho yake asubuhi shingo haigeuki, kichwa kinauma, mkono unakufa ganzi. Kwa hiyo usimwambie mtu "sijaumia" wala kusaini karatasi ya kumaliza madai siku ileile. Ita trafiki, piga picha magari yalivyo kabla hayajasogezwa, chukua namba za gari na za mashahidi, pata polisi PF3, fomu ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha yako, uende nayo hospitali. Aliye na hali mbaya awahishwe hospitali kwanza. Ndugu watafuata fomu.

Anayelipa mara nyingi ni kampuni ya bima ya gari lenye kosa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila gari barabarani liwe angalau na ile tunayoiita bima ndogo, na kazi yake hasa ni kuwafidia watu wengine walioumizwa au kuuawa na gari hilo. Gari la mwenye bima ndogo halitengenezwi; hilo ni la bima kubwa. Bima feki zipo, kwa hiyo hakikisha kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Kampuni itataka ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, PF3 iliyojazwa na daktari, na mara nyingi nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki. Gharama ulizotoa, yaani dawa, nauli za kliniki na mshahara uliokosa, zinathibitishwa kwa karatasi. Bila risiti utabaki na maneno, kwa hiyo hata ya kola ya shingo itunze. Maumivu na ulemavu hayana risiti. Hayo hakimu huyapima mwenyewe akiangalia ripoti ya daktari. Aliyegongwa akiwa kazini, kama dereva wa kampuni, ana pia mlango wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kampuni ikikupiga danadana, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ila angalia kalenda: madai ya uzembe hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu haki ya kudai ilipoanza, na kuandikiana barua na kampuni ya bima hakusimamishi muda huo. Mwaka wa 3 ukianza bado mnajadiliana, mwone wakili.