Je, kitabu cha shahada ya kwanza hakifai uzamili?

Wanafunzi wengi wa uzamili hapa Mwanza huamini kwamba kitabu cha kiada kilichotumika shahada ya kwanza hakina nafasi tena, na kwamba kozi inayokitumia ni dhaifu. Inaeleweka: ada ni kubwa, na mtu anataka kuona amepanda ngazi.

Lakini vitabu vingi vya kiada huandikwa kwa ngazi mbili kwa pamoja, wanaokaribia kumaliza shahada ya kwanza na wanaoanza uzamili, na mara nyingi dibaji husema hivyo waziwazi. Kozi hutofautiana kwa sura zinazosomwa, kasi, na hasa maswali.

Chukua sangara wanaopimwa kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba. Uhusiano wa uzito (W) na urefu (L), W = aL^b, ambapo a na b ni namba zinazokadiriwa kutoka kwenye vipimo, umo kwenye vitabu vya shahada ya kwanza: unachukua logi (logariti) za vipimo, unachora mstari, na mteremko wake ndio b, ambayo kwa samaki wengi hukaribia 3. Wa uzamili anaanzia hapo hapo, ila anaulizwa kwa nini kurudisha makadirio kutoka kwenye logi hadi uzito wa kawaida hushusha wastani wa uzito, na atarekebishaje. Aliyeruka msingi hukwama hapa, hata awe na kitabu kinene namna gani.

Kukagua mwenyewe, tafuta kwenye dibaji maarifa yanayotakiwa kabla. Kisha fungua sura ya katikati, ujaribu maswali 5 ya mwisho bila kuangalia majibu. Ukiyamaliza kwa urahisi, mwombe mhadhiri makala za majarida za kusoma sambamba. Ukikwama kwenye maswali 3 kati ya hayo, kitabu hicho bado kinakufaa.