Archon: mchezo unaoamuliwa na rangi ya miraba

Anayeitazama Archon kwa mara ya kwanza hudhani ni sataranji: ubao wa miraba 81, kete 18 za mwanga upande mmoja, kete 18 za giza upande wa pili, na wachezaji wawili wanaozisogeza kwa zamu. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikichambua michezo ya kompyuta za nyumbani za mwanzo, nimesoma maelezo mengi yanayoishia hapo, pengine yakiongeza tu kwamba kete zikikutana hupigana. Kwa maoni yangu kiini chake ni rangi ya miraba.

Mchezo huu ulitolewa na Electronic Arts mwaka 1983 kwa kompyuta za Atari za biti 8, ukafika baadaye kwenye Commodore 64 na nyinginezo. Waliouunda ni Jon Freeman, mkewe Anne Westfall, ambaye ndiye aliyeandika programu yake, na Paul Reiche III.

Miraba mingine ni myeupe daima na mingine ni myeusi daima, lakini iko pia ile inayobadilika hatua kwa hatua kadiri zamu zinavyopita, ikitoka gizani hadi kwenye mwanga kamili kisha ikirudi ilikotoka. Kete inayopigana kwenye mraba wa rangi yake huongezewa uhai, na kwa sababu hiyo kete ile ile inaweza kuwa tishio sasa na mzigo baada ya zamu chache. Vipo pia vituo 5 vya nguvu, kimoja katikati ya ubao na vinne katikati ya kingo zake. Anayevikalia vyote ameshinda. Kete iliyo kituoni hupona majeraha upesi na uchawi hauigusi, ila kituo cha katikati kiko kwenye mraba unaobadilika, kwa hiyo kukiteka ni rahisi kuliko kukilinda.

Somo hili nililipata nikicheza upande wa giza. Nilikuwa nimeliweka joka langu katikati, nikaliacha pale miraba ikizidi kung'aa, kwa kuwa niliamini hakuna atakayelithubutu. Mwenzangu akaleta askari wa kawaida mwenye upanga. Skrini nzima ikageuka uwanja wa mapambano, kila mmoja na kijiti chake cha kuongozea mchezo mkononi, nami nikampiga kwa moto. Gizani pigo hilo moja lingemmaliza. Kwenye mwanga kamili alibaki na uhai kidogo, akanikaribia kabla joka halijawa tayari kutema moto tena, akanikatakata hadi uhai wangu ukaisha. Wepesi wa mkono wake ulichangia, lakini kosa langu lilikuwa la kuhesabu zamu.

Wachawi wakuu wa pande zote mbili wana uchawi wa aina 7, na kila aina hutumika mara moja tu. Wanaoanza huharakisha kuita viumbe wa kusaidia kupigana. Mimi huuthamini zaidi ule unaogeuza mwenendo wa wakati, ili miraba iliyokuwa ikielekea kwenye mwanga ianze kurudi gizani. Huutunza hadi mpinzani atakapokuwa amekwisha kusogeza kete zake bora kuelekea katikati, akisubiri mwanga ambao kwa zamu hiyo hautafika.