Je, wajua? Mtunzi wa opera aliyeandika mazungumzo ya watu kwa nota

Tamka "Amekuja." Sasa uliza: "Amekuja?" Silabi ni zilezile nne, shadda imekaa palepale kwenye -ku-, hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni kiimbo tu, na msikilizaji ameshajua kama anapewa habari au anaulizwa. Leoš Janáček, mtunzi wa opera kutoka Moravia (sehemu ya mashariki ya nchi ya Wacheki), alichunguza tofauti za namna hiyo kwa miaka 30 hivi, daftari mkononi.

Alizaliwa tarehe 3 Julai 1854 katika kijiji cha Hukvaldy, mtoto wa mwalimu. Akiwa na miaka 11 alipelekwa mjini Brno kuimba kwaya kwenye nyumba ya watawa, ileile alimoishi Gregor Mendel, yule wa njegere tunaomsoma kwenye somo la jenetiki. Brno ikawa mji wake. Mwaka 1881 alianzisha hapo shule ya kufundisha kinanda cha kanisani, na mkate wake ukatoka kwenye ualimu.

Daftari lile alilitumia hivi. Anasikia mtu akisema kitu sokoni, stesheni, au mlangoni kwa jirani. Anachora mistari mitano ya nota, chini yake anaandika maneno kama yalivyotamkwa, na juu ya kila silabi anaweka nota: imepanda kiasi gani, imeshuka wapi, imevutwa au imekatwa. Mara nyingine anaongeza mahali, saa, na hali aliyokuwa nayo msemaji. Salamu moja ikitoka kwa mama aliyechoka na kwa kijana mwenye haraka inazaa mistari miwili isiyofanana hata kidogo, na hicho ndicho alichokitafuta. Katika miaka ya 1920 alitumia hata kronoskopu ya Hipp, saa ya maabara inayopima sehemu ya elfu moja ya sekunde, ili ajue silabi imedumu muda gani.

Mwaka 1903 binti yake Olga alikufa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka 20. Janáček aliandika kwa nota hata sauti yake ya siku za mwisho kitandani. Unaweza kumwona baba wa ajabu. Lakini yeye aliamini viimbo ni madirisha ya roho, na rekodi ya sauti ya mwanawe hakuwa nayo.

Hapa wengi hukosea: hudhani alichukua viimbo vya daftarini na kuvibandika kwenye opera. Mwenyewe alikana. Daftari lilikuwa mazoezi ya sikio, kama mchoraji anavyochora mikono mia moja kabla ya kuchora picha moja. Akishaujua mwendo wa sauti ya mtu mwenye hofu, aliweza kumbunia mhusika wake sentensi yenye mwendo huo.

Matunda yake ya kwanza makubwa ni *Jenůfa*, iliyooneshwa Brno tarehe 21 Januari 1904. Ni habari ya msichana wa kijijini aliyezaa nje ya ndoa, na mama wa kambo anayemuua mtoto huyo ili kuficha aibu. Maneno aliyatoa kwenye tamthilia ya Gabriela Preissová, nayo ni ya nathari. Hilo si jambo dogo. Opera nyingi za kabla yake zilitungwa juu ya mashairi, na shairi lenye mizani linamvuta mtunzi kwenye vipande vya muziki vinavyolingana urefu. Nathari haina huruma hiyo. Sentensi moja ina maneno mawili, inayofuata kumi na matano. Ndiyo maana waimbaji wa Janáček huimba vipande vifupi, wanakatishana, wanarudia neno moja kama mtu aliyeshtuka, huku chini yao okestra ikizungusha kipande kimoja kifupi cha muziki tena na tena. Mwanzoni kabisa mwa *Jenůfa* utasikia zailofoni ikigonga nota moja kavu: ni gurudumu la kinu linalozunguka.

Njia hii ina gharama yake, na gharama hiyo huonekana opera inapotafsiriwa. Kicheki huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, na urefu wa irabu ni jambo jingine kabisa, haufuati mkazo. Sisi tunajua shadda ikihama inavyoharibu: *barabára* ni njia, *barábara* ni sawasawa. Mwandishi Max Brod alipoifasiri *Jenůfa* kwa Kijerumani aliifungulia mlango wa Vienna mwaka 1918, lakini maneno mapya yalilazimika kuvaa nguo zilizoshonewa mwili mwingine. Siku hizi majumba makubwa huipendelea kwa Kicheki, tafsiri ikioneshwa juu ya jukwaa.

Prague nayo iliionesha *Jenůfa* miaka 12 baada ya Brno. Kwa nini ilichelewa hivyo? Sehemu ya jibu ni ulimi wake mwenyewe. Mwaka 1887 aliandika uhakiki wa kuidhihaki opera ya Karel Kovařovic. Baadaye Kovařovic akawa mkuu wa opera kwenye Jumba la Taifa la Prague, na *Jenůfa* ikakataliwa. Alipokubali hatimaye, sharti lake lilikuwa kukata sehemu za opera na kuipanga upya okestra kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe 26 Mei 1916 ilioneshwa, watu wakashangilia, na Janáček akawa maarufu akikaribia miaka 62. Toleo hilo lililolainishwa ndilo lililopigwa kwa miongo mingi, hadi kiongozi wa okestra Charles Mackerras alipoirekodi mwaka 1982 karibu na alivyotaka mtunzi.

Baada ya 1916 mzee alifunguka. Mwaka 1917 alikutana na Kamila Stösslová, mke wa mtu, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka zaidi ya 35, akamwandikia barua zaidi ya 700. Zikafuata *Káťa Kabanová* (1921), opera ya mbweha mjanja iliyotokana na hadithi ya gazetini yenye michoro (1924), na ile ya Makropulos (1926).

Wakati huo alikuwa ameacha karatasi zenye mistari iliyochapwa. Alichukua karatasi tupu na kuchora kwa mkono mistari ya ala alizozihitaji tu, asije akashawishika kuijaza nafasi. Filimbi ndogo juu kabisa, tromboni chini kabisa, katikati hakuna kitu. Hati yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba wanakili waliteseka.

Alikufa kwa nimonia huko Ostrava tarehe 12 Agosti 1928, akiacha opera ya wafungwa wa Siberia, *Kutoka Nyumba ya Wafu*. Wanafunzi wake wawili, Břetislav Bakala na Osvald Chlubna, waliutazama mswada ule mwembamba wakaona mwalimu hakuwahi kuumaliza. Wakaongeza ala, wakaupa mwisho wenye matumaini, na ikaoneshwa hivyo Brno mwaka 1930. Ilibidi wahariri wa baadaye wazifute nota hizo moja moja, ili pale alipoacha wazi pabaki wazi.