Dubu mtaani: tunayoambiana huku Colorado na ukweli wenyewe

Huku Colorado, Marekani, Waswahili tumekuwa wengi, na kila ikifika Agosti mpaka Oktoba magrupu ya WhatsApp yanajaa video za dubu, mara kaingia gereji, mara yuko juu ya mti nyuma ya nyumba ya mama fulani, na chini ya video kila mtu anatoa ushauri wake. Mwingi si kweli. Kuna unaoweza kumuumiza mtu, na kuna unaomuua dubu, na huo wa pili ndo unaniuma sana maana tunaufuata kwa nia njema kabisa.

"Rangi yake kahawia, basi huyo grizzly." Hapana. Grizzly ni aina nyingine ya dubu, mkubwa na wa kahawia. Huku tuna dubu mweusi tu, na jina linapotosha, wengi wao ni kahawia na wengine wana rangi ya asali. Grizzly wa mwisho kujulikana hapa Colorado aliuawa 1979. Nalisisitiza kwa sababu ule ushauri wa kulala chini ujifanye umekufa ni wa grizzly anayejihami, sio wa huyu. Mbele ya huyu usilale chini na usikimbie, anafika kama kilomita 50 kwa saa, na mti anaupanda vizuri kuliko wewe. Simama, nyanyua mikono uonekane mkubwa, ongea kwa sauti, rudi nyuma taratibu umwachie njia ya kutokea. Akikuvamia kweli, pigana nae.

"Jike mwenye watoto ndo muuaji." Na mi niliamini hivyo miaka. Watafiti walipitia vifo vilivyotokana na dubu weusi Marekani na Kanada kuanzia 1900 hadi 2009, wakapata watu 63 kwa muda wote huo, na mara nyingi muuaji alikuwa dume aliyekuja kuwinda, sio mama anayetetea wanae. Mama kwa kawaida anawapandisha watoto mtini na kukutisha kwa kupumua kwa kishindo na kugonganisha meno. Bado usimsogelee, picha piga ukiwa ndani.

Sasa hili kubwa: "Piga simu waje wamkamate wampeleke porini mbali, mambo yaishe." Hayaishi. Maafisa wa wanyamapori wanamkamata kwenye mtego kama bomba kubwa lenye chambo, wanamchoma sindano ya usingizi, wanamvisha hereni ya namba kama ng'ombe, wanaenda kumwachia mlimani. Wengi wanarudi, wana kumbukumbu kali ya njia na ya chakula, na asiporudi anatafuta mji mwingine wenye mapipa ya taka kama yetu. Na akikamatwa tena ana hereni sikioni, mara nyingi anauawa. Basi watu wakishajua hilo wanaacha kabisa kupiga simu eti wamwonee huruma, na hapo pia tunakosea, kwa sababu ukiripoti mapema maafisa wanakwambia nini kinamvuta, wanaweza kuja kumfukuza kwa makelele na risasi za mpira kabla hajazoea. Akishaanza kuingia majikoni tumechelewa.

Halafu tunalaumu dubu mmoja. Kule South Lake Tahoe, California, 2022 mji mzima ulimsema "Hank the Tank", dume la kilo zaidi ya 200 linalovunja nyumba. Walipopima DNA wakakuta ni dubu watatu au zaidi, na mmojawao aliyekamatwa 2023 alikuwa jike na watoto wake. Ukimwondoa mmoja na chakula kikabaki, mwingine anakuja.

Chakula ndo chenyewe. Kabla ya baridi dubu anatafuta mpaka kalori 20,000 kwa siku, na kilo tatu tu za mbegu za alizeti unazowawekea ndege zina kama 12,000, sasa kwanini ahangaike na matunda ya porini? Sie tuliopita Mikumi tunawajua nyani walivyozoea kurushiwa ndizi na wenye magari, ni yale yale. Durango, humu humu Colorado, waligawa mapipa yenye vifuniko vya kujifunga kwenye baadhi ya mitaa, na migogoro ya dubu na taka ikawa pungufu kwa asilimia 60 kuliko mitaa ambayo haikupewa. Pipa tu, jamani. Ongeza kusafisha mafuta ya jiko la nyama choma na kufunga milango ya gari kwa ufunguo, kwa sababu kitasa cha mkono dubu anakifungua, mlango ukijifunga nyuma yake anachana viti vyote akitafuta kutoka.

Na "winta wamelala" pia usiitegemee, wanaokula vya watu wanalala muda mfupi zaidi.

Kosa letu hasa ni lile pipa la usiku. Wengi tunaingia shifti ya usiku, kwahiyo tunalitoa barabarani saa mbili usiku kabla ya kuondoka, linakaa pale mpaka gari la taka lije asubuhi. Mimi na jirani yangu Mkongomani tumekubaliana, yeye anarudi kutoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, ndo anatoa ya nyumba zote mbili, mi namrudishia yake jioni.