Toksoplazma ya jicho ni nini, na kwanini inatibiwa na dawa ya malaria

Mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito Tanzania, au Kenya kwenye maeneo yenye malaria nyingi, anaijua SP, dawa ya kuzuia malaria, vidonge vitatu unameza palepale mbele ya nesi. Kila kidonge kina miligramu 500 za salfadoksini na 25 za pirimethamini, na hiyo pirimethamini ndo madaktari wa macho wameitumia miaka na miaka kutibu toksoplazma ya jicho. Malaria na jicho wapi na wapi?

Iko hivi, toksoplazma ni kimelea, na ni ukoo mmoja na kimelea cha malaria. Kinazaliana kwenye utumbo wa paka, kinatoka na kinyesi, binadamu anakipata kwenye maji, mboga zisizooshwa vizuri au nyama ambayo haijaiva, na wengine wanazaliwa nacho. Kikifika kwenye retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kinafanya kidonda, mtu anaanza kuona ukungu na vidoadoa vinavyoelea. Daktari akimulika ndani anakuta kidonda cheupe kinang'aa, yaani kama taa ya gari linalokuja kwenye ukungu wa Limuru, na mara nyingi pembeni yake kuna kovu jeusi la zamani.

Vimelea hivi vyote viwili vinahitaji foleti, aina ya vitamini B, ili vizaliane, na pirimethamini inaziba hapohapo. Dawa ilitoka kwa Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Nobel 1988. Shida ni kwamba uboho wetu, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, nao unaumia, ndo maana mgonjwa anapewa asidi ya foliniki, aina ya foleti ya kuulinda, na kupimwa damu mara kwa mara. Kwahiyo tafadhali usikimbilie SP ya duka la dawa, dozi ya jicho ni ya kila siku kwa wiki kadhaa, pamoja na dawa nyingine za salfa na mara nyingi prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe.

Mwaka 2005 watafiti wa Iran walilinganisha tiba hiyo na kotrimoksazoli, ile Septrin tunayoijua, matokeo yakakaribiana sana. Kwangu hiyo ni habari kubwa, Septrin ni rahisi na inapatikana. Ila hakuna kati ya hizo inayomaliza vimelea vilivyojificha kwenye vifuko ndani ya retina, ndo maana ugonjwa unarudi. Brazil walijaribu kuwapa wagonjwa Septrin kila baada ya siku tatu kwa miezi 20, matokeo yakatoka 2002: kati ya 61 waliotumia walirudiwa wanne, kati ya 63 ambao hawakutumia walirudiwa 15.