Barua ya boti haiendi kwa Waziri wa Ulinzi

Barua nyingi zinazotufikia huanza "Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi", na ukizifungua ndani muna habari ya boti iliyozuiliwa na KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) au kijana aliyekosa nafasi JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi). Tunazisoma zote, na hatuna shaka na nia za waandishi wake. Ila anwani siyo, na barua iliyopotea njia ikirudishwa, mwenyewe huona anazungushwa.

Ulinzi ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, kwa hiyo Zanzibar hakuna wizara ya ulinzi, wala isitafutwe. Iliyopo ni Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, yenye JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), lililoundwa 1 Septemba 1964, na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), lililoanza 10 Julai 1963. Brigedi ya Nyuki iliyo hapa kwetu ni ya JWTZ. KMKM wa Kibweni, JKU wa Saateni, Chuo cha Mafunzo (yaani magereza), Zimamoto na Valantia ni Idara Maalum za SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar). Kamanda Mkuu wao ni Rais wa Zanzibar, chini ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, na wanasimamiwa na wizara ya tawala za mikoa iliyo katika Ofisi yake. Siku ya Mapinduzi hupita wote, JWTZ na Idara Maalum, katika gwaride moja, Amaan au Gombani, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Dkt. Hussein Ali Mwinyi aliiongoza wizara hiyo ya Muungano 2008 hadi 2012, na tena 2014 hadi 2020. Wapo wanaodhani alihamia nayo Ikulu ya Zanzibar. Haikuhama.

Lingine tunalolieleza kila siku: Waziri haongozi vita. Anasimamia sera na kulijibu Bunge. Katibu Mkuu wa wizara ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha zake. Amri ya kijeshi hutoka kwa Amiri Jeshi Mkuu, yaani Rais wa Jamhuri ya Muungano, ikapita kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, ndipo iwafikie makamanda wa nchi kavu, anga na majini, na Mkuu wa JKT. Hata bajeti ina mafungu matatu: 38 la Ngome, 39 la JKT na 57 la wizara yenyewe. Ngome hapa ni makao makuu ya jeshi, si Ngome Kongwe ya Forodhani. Tumeshaulizwa.

Sasa utaratibu. Shida yako ikihusu Idara Maalum, anza kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, kisha wilaya. Mwakilishi wako anaweza kuuliza katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Ikihusu JWTZ, muandikie mkuu wa kikosi husika ukitaja tarehe, mahali na jambo lenyewe, uambatanishe nakala ya kitambulisho, ubaki na nakala ya barua. Ikiwa ni jinai, polisi kwanza. Ukitaka jambo lifike bungeni, muone mbunge, si mwakilishi. Mwakilishi hana kiti Dodoma kwa uwakilishi wako.

Vijana wa kujitolea JKT hupitia ofisi za mikoa na wilaya. JKT hutoa mafunzo, haitoi ajira, na nafasi haziuzwi. Aliyetoa pesa ili aingizwe asije kwetu kudai arejeshewe kana kwamba alinunua samaki wabovu: naye ana maswali ya kujibu.

Limebaki la mabaka, yaani nguo za rangi za kijeshi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wasalimishe sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Siku hizo zimekwisha, kosa halijakwisha. "Nimenunua mitumba" si utetezi, na "la jeshi la nje hili" pia si utetezi, kwani kilichotajwa ni kufanana. Mwanamuziki, dereva wa daladala na mtoto wa skuli kwenye mahafali, wote ni raia. Ukiwa na vazi hilo, lipeleke kambini, kituo cha polisi au ofisi ya serikali za mitaa. Lipeleke ndani ya mfuko, si mwilini.